Bildad Kaggia: Askari aliyerudi na swali la ardhi

Sisi watu wa Mombasa tunaijua chai ya Kericho kuliko tunavyoijua Kericho yenyewe. Tangu mwaka wa 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi ukaletwa hapa, malori yamekuwa yakishuka na shehena hiyo hadi kwenye maghala yetu, na vijana wetu wengi wamepata riziki kwa kuipakua, kuichanganya na kuipakia kwenye makontena. Chai hiyo ikitoka bandarini Kilindini huenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Sisi hubaki na harufu yake na vibarua vyake.

Kwa hivyo Oktoba 20, 2023, sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei zilipofanyika katika uwanja wa Kericho, wengi wetu tulizitazama kwenye runinga kama tunavyotazama habari za jirani. Miaka minne kabla, mwaka wa 2019, sikukuu hiyo hiyo ilikuwa kwetu, pale Mama Ngina, na tuliona namna mambo yanavyokwenda: gwaride, ndege za jeshi, hotuba, wazee wachache kwenye viti vya mbele wakiwa na medali vifuani. Kisha hema hukunjwa na wazee hurudishwa nyumbani.

Mwaka ule wa Kericho, hotuba nyingi zilihusu afya kwa wote. Ni jambo jema. Lakini kuna jina moja ambalo lingefaa litajwe siku ile, mahali pale, na lihadithiwe taratibu. Ni jina la Bildad Kaggia. Hakuwa Mkipsigis, wala hakuzaliwa Kericho. Lakini swali alilobeba maisha yake yote ni swali la ardhi ile yenye chai, na pia ni swali letu hapa Pwani. Na ile tarehe ya Oktoba 20 ni tarehe yake yeye, kabla ya kuwa ya mwingine yeyote kati yetu.

Ardhi waliyopewa askari

Tuanze na ardhi, kwa sababu bila hiyo maisha ya Kaggia hayaeleweki.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka wa 1918, serikali ya Uingereza ilikuwa na deni kwa askari wake. Ikaamua kulilipa kwa ardhi ya Kenya. Mwaka wa 1919 ukaanzishwa mpango wa kuwapa makao askari waliostaafu, na mashamba yakagawanywa kwa bahati nasibu. Sharti lilikuwa moja lisilokwepeka: mwombaji awe wa asili ya Kizungu. Mwafrika aliyebeba mzigo wa vita hivyo kutoka Voi hadi mpaka wa Msumbiji hakuruhusiwa hata kutia jina lake kwenye kapu.

Huko Kericho mpango ulikuwa wa namna yake. Kiasi cha ekari 25,000 zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani na kubaki na ulemavu. Walikusudia kuishi kwa ushirika na kulima kitani, zao ambalo nyuzi zake zilikuwa na bei ya juu wakati wa vita. Ardhi hiyo ilikuwa malisho na makazi ya Wakipsigis. Waliondolewa. Wachache wao walibaki kama vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao.

Mpango haukudumu. Vita vilipokwisha bei ya kitani ilianguka vibaya, maafisa wale wakaingia katika madeni, na ushirika wao ukavunjika. Hapo ndipo mtu angetarajia ardhi irudishwe kwa wenyewe. Haikurudishwa. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia, na sehemu kubwa ya ardhi ile ikawa mashamba ya chai tunayoyaona leo kuanzia Kericho mjini hadi upande wa Konoin huko Bomet. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwafukuza watu wa ukoo wa Talai, ambao ndio waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na wakapelekwa Gwassi, kule kando ya ziwa, mbali na watu wao.

Basi Kericho ni mahali ambapo askari wa vita vya ng'ambo walienziwa kweli kweli. Walienziwa kwa ardhi, tena ardhi nzuri. Ila walioenziwa ni wa upande mmoja tu.

Wenzao wa Kiafrika walipata nini? Wapagazi wa vita vile, wale waliotuachia majina ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zikasimamishwa sanamu za askari na wapagazi Nairobi, Dar es Salaam na hapa kwetu Mombasa. Ile ya kwetu ipo barabara ya Jomo Kenyatta, tunapita mbele yake kila siku tukikimbilia matatu. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ukisimama uisome yote, hutapata jina la askari hata mmoja.

Karani aliyevaa sare

Bildad Kaggia alizaliwa mwaka wa 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi, katika familia iliyotoka Murang'a. Alikuwa mtoto wa wakati ule ule ambao ardhi ya Kericho ilikuwa inabadilisha mikono. Familia yake haikuwa na mali. Alisoma shule ya wamishonari ya Kahuhia na akafaulu vizuri kiasi cha kustahili kuingia Alliance, shule ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mlango wa pekee kwa kijana wa Kiafrika mwenye ndoto. Karo ikakosekana. Hakwenda.

Badala yake alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya mkuu wa wilaya kule Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati huo. Ilikuwa kazi ya heshima. Karani alivaa viatu, alikaa kwenye kiti, na aliona jinsi serikali inavyofanya kazi kwa ndani: nani anatozwa kodi, nani anakamatwa, nani anapelekwa wapi. Kijana mwingine angetulia hapo hadi uzeeni.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Kenya ilitoa karibu askari laki moja. Walitoka kila pembe. Wakipsigis na Wanandi waliandikishwa kwa wingi katika Keya, kwa sababu Waingereza walikuwa wameamua kwamba watu wa upande ule ni wapiganaji wa kuzaliwa. Kutoka bandari yetu ya Kilindini meli ziliwabeba kwenda Ceylon, India na Burma. Mojawapo, Khedive Ismail, iliondoka hapa mapema Februari mwaka wa 1944 na ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 ya mwezi huo. Waliokufa ni karibu watu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Ni msiba mkubwa kupita kiasi uliopitia mlangoni mwetu, na ni wachache Mombasa wanaoujua.

Kaggia naye aliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hakuwa mtu wa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa zaidi ya ofisini, kwa kuwa alijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Alipelekwa Mashariki ya Kati, na mwishoni mwa vita akafika Uingereza, ambako alihudumu kwenye kambi iliyowapokea askari wa Kiafrika waliokuwa wametekwa na maadui.

Safari hiyo ilimbadilisha kwa mambo matatu.

La kwanza ni mshahara. Askari mweupe na askari mweusi wangeweza kuwa na cheo kimoja na kufanya kazi ile ile, lakini malipo, chakula na mahali pa kulala vilikuwa tofauti. Karani anayeandika mahesabu huliona jambo hilo mapema kuliko mtu mwingine.

La pili ni dini. Akiwa Mashariki ya Kati alipata nafasi ya kuzuru Jerusalem na sehemu takatifu. Alikuwa amelelewa na wamishonari na kuamini kwamba Ukristo na Mzungu ni kitu kimoja. Kule alikuta dini hiyo ina wenyewe wengi, wa rangi na lugha nyingi, na kila mmoja anaifuata kwa desturi za kwao. Akajiuliza kwa nini Mwafrika peke yake ndiye atakiwe kuacha kila kilicho chake ndipo ahesabiwe muumini.

La tatu ni Mzungu mwenyewe. Kenya, Mzungu alikuwa bwana. Uingereza, Kaggia aliona Wazungu wakifagia barabara, wakibeba mizigo, wakipanga foleni ya mkate. Wapo waliomkaribisha nyumbani kwao wakala naye meza moja. Basi ubwana ule haukuwa jambo la damu. Ulikuwa jambo la mpangilio, na mpangilio waweza kupanguliwa.

Kurudi nyumbani

Alirudi mwaka wa 1946. Wenzake wengi walirudi na matumaini hayo hayo: kwamba aliyevuja jasho kwa ajili ya mfalme atapewa kitu. Walikuta kipande bado kipo. Walikuta leseni ya duka ni kazi kuipata. Walikuta hoteli ambazo Mwafrika haingii isipokuwa kwa mlango wa jikoni. Na walikuta serikali inaandaa mpango mwingine wa kuwapa ardhi askari waliostaafu, na kwa mara nyingine walengwa ni Wazungu, wengine wakitoka moja kwa moja Uingereza.

Mtu akiumwa na nyoka hata unyasi humshtua. Watu wa Kericho walikuwa wamekwisha kuyaona hayo mwaka wa 1919. Sasa yalirudi, na safari hii aliyenyimwa alikuwa na cheti cha kuhitimu utumishi mfukoni.

Kaggia alianza na dini. Alianzisha kundi lake la waumini lililokataa usimamizi wa wamishonari, nalo likajulikana kwa jina lake, Dini ya Kaggia. Lilienea katika sehemu za Murang'a na kumtia matatani na makanisa na serikali. Halafu akaingia katika vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi. Mwaka wa 1950 viongozi wawili wakubwa wa wafanyakazi, Makhan Singh na Fred Kubai, walipokamatwa, Kaggia alikuwa miongoni mwa walioshika usukani. Mwaka wa 1951 yeye na Kubai, ambaye wakati huo alikuwa ameachiliwa, pamoja na wenzao walichukua uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU, na Kaggia akawa katibu. Tangu hapo KAU ya Nairobi ilianza kudai uhuru waziwazi, ilhali wazee wa chama walikuwa bado wakiandika barua za maombi.

Nyuma ya pazia palikuwa na kazi nyingine, ya kiapo na ya siri. Kaggia hakuikana baadaye. Katika kitabu chake kuhusu maisha yake, kilichochapishwa mwaka wa 1975, alieleza wazi kwamba alikuwa katika kamati iliyoongoza harakati ambazo Waingereza waliziita Mau Mau.

Usiku wa Oktoba 20

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, gavana Evelyn Baring alipokuwa ametia sahihi tangazo la hali ya hatari, polisi walisambaa Nairobi na viunga vyake wakiwa na orodha ya majina. Kaggia alikuwamo. Wenzake watano tunawajua tangu shule ya msingi: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Walipelekwa Kapenguria, mbali na waandishi na mbali na watu wao, wakashtakiwa kwa kuongoza chama haramu. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kuwatetea, akisaidiwa na mawakili wa hapa na wa nchi nyingine. Haikufaa kitu. Aprili 8, 1953, hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Miaka kadhaa baadaye shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta alikiri kwamba alikuwa amesema uongo.

Walifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa, karibu na mpaka, ambako jua halina huruma. Huko Kaggia alimkuta askari mwingine wa zamani. Waruhiu Itote, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Jenerali China, alikuwa amepigana Burma akiwa na Keya, akarudi, akakosa alichoahidiwa, akaingia msituni, na mwaka wa 1954 akakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa kabla ya hukumu hiyo kubadilishwa. Basi katika gereza moja walikuwamo wanaume wawili waliowahi kuvaa sare ya mfalme, mmoja karani na mmoja mpiganaji, na mfalme wao aliwalipa kwa pingu.

Kaggia alitoka kizuizini mwaka wa 1961. Alikuwa na umri wa miaka 40, na tisa kati ya hiyo ilikuwa imekwenda jela na uhamishoni.

Alipoulizwa amejifanyia nini

Hadithi ya mashujaa wengi huishia kwenye uhuru. Ya Kaggia ndipo inapoanza kuuma.

Mwaka wa 1963 alichaguliwa mbunge wa Kandara na akateuliwa kuwa katibu wa bunge katika Wizara ya Elimu, cheo ambacho leo tungekiita naibu waziri. Alikuwa serikalini, pamoja na wenzake wa gerezani. Lakini serikali ilikuwa imekubali mpango wa kununua mashamba ya walowezi kwa fedha za mkopo, kisha kuyagawa kwa Waafrika ambao wangelipa mkopo huo kidogo kidogo. Kaggia akasema hapana. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu hainunuliwi na mwenyewe. Wasio na ardhi, wakiwamo waliopigana na waliotoka vizuizini, wapewe bila malipo, na mashamba makubwa yaendeshwe kwa ushirika. Aliwatetea pia waliopoteza mashamba yao Murang'a wakati wa kugawa upya ardhi, walipokuwa wamefungwa.

Ni haki kuwasikiliza waliompinga. Walisema kwamba Waingereza wasingetoa uhuru kwa amani bila makubaliano ya kuwalipa walowezi. Walisema kwamba kugawa kila shamba bure kungeua kilimo cha mauzo ya nje, na nchi changa ilihitaji fedha za kigeni. Mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa mfano wao wa kwanza: yaachwe yalivyo, yaajiri, yalipe kodi. Hoja hizi hazikuwa za kipuuzi, na chai ile imejenga mengi, hapa Mombasa pia.

Lakini Kaggia aliona upande wa pili. Aliona kwamba wanaosema tusubiri ndio hao hao wanaojipatia mashamba. Alionywa aache kuikosoa serikali akiwa ndani yake. Hakuacha, na mwaka wa 1964 akatoka.

Mwaka wa 1965 ikatokea siku ambayo Wakenya wa rika la wazee wetu hawaisahau. Rais Kenyatta alikwenda Kandara, eneo la Kaggia mwenyewe, na mbele ya umati, Kaggia akiwa pale pale, akamfananisha na wenzao waliofungwa pamoja. Wale walikuwa na nyumba, mashamba na biashara. Rais alimtaka Kaggia aseme yeye amejifanyia nini. Kaggia hakujibu.

Wengine walikiona kimya kile kuwa ni kushindwa. Wengine, na mimi nikiwamo, tunaona kwamba swali lenyewe lilikuwa sifa. Mtu aliyekaa serikalini wakati mashamba yanagawanywa akatoka mikono mitupu, ukimuuliza amejifanyia nini umemtolea ushahidi bila kujua.

Mwaka wa 1966 alijiunga na Oginga Odinga katika chama cha KPU, akawa naibu wake. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo alishindwa Kandara. Mwaka wa 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya nchi yake huru, kwa sababu ya mkutano usio na kibali. Mwaka wa 1969 alirudi KANU. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na huenda lawama hiyo ina mahali pake. Alikuwa amechoka, na KPU yenyewe ilipigwa marufuku mwaka huo huo. Baadaye alipewa kuongoza bodi ya umma, kisha akajitenga na siasa.

Maisha yake ya uzeeni yalikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Mwanamume aliyesimama Kapenguria pamoja na rais wa kwanza wa Kenya alipima debe za mahindi za majirani na kupokea senti zao. Alifariki Machi 7, 2005. Siku ile magazeti yalijaa sifa, na viongozi wengi walisimama kumsifu kwa kutokuwa na tamaa, baadhi yao wakiwa na mashamba ambayo wenyewe hawajamaliza kuyazunguka.

Siku moja kwa mwaka

Katiba ya mwaka wa 2010 iliibadilisha Kenyatta Dei ikawa Mashujaa Dei. Lilikuwa jambo la haki. Waliokamatwa usiku ule walikuwa wengi, na haikufaa siku yao ibebe jina la mmoja. Mwaka wa 2014 Bunge likapitisha sheria ya mashujaa na kuunda baraza la kuwatambua.

Nje ya nchi nako kumekuwa na kukiri. Mwaka wa 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikubali kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina, na huenda hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Ikaomba radhi. Mwaka huo huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka Uingereza ijibu kuhusu Wakipsigis na Watalai waliofukuzwa Kericho. Na katiba yetu ilikwisha kufupisha mikataba ya ardhi ya miaka 999 ya wasio raia ikawa ya miaka 99. Makampuni ya chai yamekuwa yakibadilisha wamiliki na majina. Wajukuu wa waliofukuzwa bado wanasubiri.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Pwani? Mwulize mkazi wa Kilifi, Kwale au Lamu ambaye babu yake aliishi shambani miaka na miaka, na bado anaitwa skwota kwenye ardhi aliyozikwa babu huyo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 ilitufanyia hapa ukanda wa pwani yale ambayo bahati nasibu ya mwaka wa 1919 iliwafanyia wengine kule bara: asiye na karatasi akahesabiwa hana kitu. Mkipsigis wa Kericho na Mgiriama wa Kilifi hawajuani, lakini kesi yao ni moja, na wakili wao katika Bunge la kwanza alikuwa mbunge wa Kandara.

Kwa hivyo nina ombi dogo kwa wanaopanga Oktoba 20 ijayo, popote itakapofanyika, na kwa kaunti zetu za Pwani kwanza kwa sababu hatuhitaji ruhusa ya Nairobi kwa hili.

Siku hiyo tuyasome majina. Kaunti ziwatafute waliokwenda vita vya ng'ambo, wa Burma, wa Misri, wa ile meli iliyotoka Kilindini isirudi. Wengi wamekufa, lakini watoto wao wapo, na kwenye masanduku ya mbao chini ya vitanda bado mna vyeti na medali. Majina hayo yaandikwe pale penye sanamu ya askari, ambayo imesimama karibu miaka mia bila jina.

Na baada ya kuyasoma, tuzungumze kuhusu ardhi siku hiyo hiyo, jukwaa hilo hilo. Viongozi waje na hesabu: hati ngapi zimetolewa, maskwota wangapi wamebaki, kesi gani zimekwama na kwa nini. Huenda sherehe ikapoa kidogo. Lakini Waingereza walipotaka kuwaenzi askari wao hawakuishia kwenye gwaride, waliwapa Kericho. Kaggia alipokaa kimya pale Kandara hakuwa amekosa la kusema. Alikuwa amelisema tayari, mara nyingi, na lingali linasubiri jibu.